Janjevo, Kijiji cha Mafundi wa Kusubu

Ukitoka Prishtina, mji mkuu wa Kosovo, unashika njia ya kusini hadi Lipjan, kisha unapinda mashariki kuelekea vilimani. Janjevo imejificha bondeni. Huioni mpaka umeifikia, na hapo ndipo nyumba zake zinapokujia kwa pamoja: ndefu, zimebanana, zimetenganishwa na vichochoro vya mawe. Msikiti upo, na kanisa la Mtakatifu Nikolasi lipo.

Madini ndiyo yaliyowaita watu huku. Fedha ya milima ya jirani, hasa ya Novo Brdo, iliwavuta wachimbaji Wasaksoni na wafanyabiashara kutoka Dubrovnik, pwani ya Adria. Barua ya Papa Benedikto XI ya mwaka 1303 tayari inaitaja parokia ya Janjevo. Waosmani walipoitwaa Novo Brdo mwaka 1455, biashara ile ilififia, lakini Wakatoliki wa Janjevo walibaki. Ndio Wakroatia wa leo, ambao hadi sasa husema wazee wao walitoka Dubrovnik.

Nilichokipenda zaidi ni kazi ya mikono yao. Walisubu madini majumbani mwao, familia nzima ikiishika kazi: wakamimina kwenye kalibu, wakatoa misalaba, pete na hereni, wakaenda kuzichuuza kwenye magulio na sikukuu za makanisa kote Yugoslavia. Plastiki ilipoingia, wakaigeukia nayo. Kijiji kisicho na bandari kikawa na wateja hadi baharini! Na hapahapa alizaliwa, mwaka 1874, padri Mfransisko Shtjefën Gjeçovi, aliyekusanya Kanun ya Lekë Dukagjini, sheria za kimila za Waalbania. Aliuawa mwaka 1929, na kitabu chake kikachapwa mwaka 1933.

Miaka ya 1990 ndiyo iliyokikausha kijiji. Yugoslavia ilipovunjika, Wakroatia waliondoka kwa maelfu. Wengi walikwenda Zagreb. Wengine, mwaka 1997, walipelekwa Kistanje huko Dalmatia, ambako Waserbia walikuwa wamekimbia miaka miwili kabla. Wakimbizi wakaingia palipohamwa na wakimbizi. Jambo hilo lilinitembea kichwani kila nilipopita mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli lenye kutu.

Hata hivyo, sikubali Janjevo iitwe mahame. Waalbania ndio wengi sasa, na pamoja nao wanaishi Waroma, Waturuki, Wabosnia na Wakroatia wachache waliokataa kuondoka. Nguo zinaanikwa kwenye roshani, watoto wanakimbizana vichochoroni. Mseto huu ndio uliokijenga kijiji tangu enzi za fedha, na kwangu hakuna mahali Kosovo panapostahili kutunzwa kuliko hapa.

Ukifika Prishtina, usiishie mjini. Tenga siku moja, uende Janjevo, utembee kwa miguu, na uwasalimu wenyeji wangali wapo.