Kwenda Namugongo kwa Miguu: Matayarisho ya Hija na Kumbukumbu za Kurudi Nazo

Kila mwaka, mwezi wa Mei, mtu akaaye kando ya barabara kuu iendayo Uganda huona makundi ya watu wakipita kwa miguu, wazee kwa vijana, wake kwa waume, bendera ya parokia ikiwa mbele na rozari mikononi. Hao ni mahujaji waendao Namugongo, karibu na Kampala, kwa ajili ya Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Wengi hutamani kuwafuata, lakini hawajui mtu ajitayarishe namna gani. Nami nilikuwa mmoja wao hata mwaka 2023, nilipokwenda pamoja na kundi la parokia yetu kutoka Bungoma. Nayaandika haya ili atakayekwenda asijikwae mahali nilipojikwaa mimi.

KWA NINI KWA MIGUU

Yuko atakayeuliza: basi huondoka Bungoma asubuhi likafika Kampala siku hiyo hiyo, ya nini basi kuitesa miguu kwa zaidi ya kilometa 200? Jibu limo katika historia yenyewe. Mashahidi wale nao walitembea. Mwishoni mwa Mei 1886, Kabaka Mwanga aliwahukumu vijana wa jumba lake huko Munyonyo, kando ya ziwa. Walifungwa kamba wakaongozwa kwa miguu mpaka Namugongo, mahali palipokuwa pa kuulia watu. Baadhi yao waliuawa njiani. Waliofika walikaa kifungoni yapata juma moja, kisha tarehe 3 Juni wakachomwa moto. Charles Lwanga, aliyekuwa kiongozi wao, alichomwa peke yake, mbali kidogo na wenzake. Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka 14 hivi.

Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna sababu yetu zaidi. Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alipita kwa Mumia mwaka 1885, akielekea Buganda, naye aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba mwaka ule ule. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyekuwa mtumishi mkubwa wa Kabaka, alimkemea bwana wake kwa sababu ya damu ile, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Tazama basi jinsi Mkatoliki alivyotoa uhai wake kwa kumtetea Mwanglikana! Mashahidi Wakatoliki 22 walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao 23. Hata leo, siku ya sikukuu, kila Kanisa hufanya ibada yake Namugongo, na pale pawili si mbali.

MIGUU KWANZA

Matayarisho ya kwanza ni ya miguu. Yapata miezi miwili kabla ya safari, anza kutembea kila Jumamosi: kilometa 8, kisha 12, kisha 20, ukiwa umebeba mzigo ule ule utakaokwenda nao. Mkulima azoeaye kwenda shambani na sokoni kwa miguu hana taabu kubwa. Taabu ni yetu sisi tukaao vitini ofisini tangu asubuhi hata jioni.

Viatu visiwe vipya. Neno hili nilikuwa nimeambiwa, nami nikalidharau. Nilinunua viatu vizuri vya ngozi juma moja kabla ya kuondoka, nikaona fahari navyo. Tulipofika Tororo, siku ya pili, visigino vyangu vilikuwa vimejaa malengelenge, nami natembea kama mtu akanyagaye makaa. Mzee mmoja wa kundi letu, aliyekuwa amevaa akala za mpira wa gari, alinitazama akasema, "Kijana, viatu hivyo vinakutembeza wewe, wala si wewe unayevitembeza." Nikavaa raba zangu kuukuu ambazo karibu ningaliziacha nyumbani, nikaenda nazo hata mwisho.

Chukua soksi jozi tatu, uzibadilishe zikilowa jasho. Kila alfajiri paka miguu mafuta mazito, hasa visigino na kati ya vidole. Jioni iloweshe katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kisha uikaushe sawasawa. Lengelenge lisilouma liache. Likiwa kubwa na lauma, litobolewe pembeni kwa sindano iliyochemshwa, lifungwe kitambaa safi, wala ngozi yake isibanduliwe.

MZIGO, KARATASI NA FEDHA

Kanuni ya mzigo ni nyepesi kukumbuka: mwenye uzito wa kilo 70 asibebe zaidi ya kilo 7. Blanketi jepesi, chandarua, koti la mvua, nguo mbili za kubadili, tochi, chupa ya maji, kikombe na sahani, sabuni, dawa zako na karatasi chache: hivi vyatosha. Mei ni mwezi wa mvua, basi kila kitu kifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji kabla ya kutiwa katika shanta. Mimi nilibeba suti ya pili, kitabu kinene na mikebe minane ya nyama. Vyote viliachwa kwa katekista mmoja karibu na mpaka, naye alicheka akisema kwamba kila mwaka hupata vitu vya namna hiyo.

Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya huweza kuingia Uganda kwa kitambulisho chake cha taifa, lakini usikitie chini ya mzigo. Kiwe mahali pa karibu. Chukua pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya padre wa parokia yako. Mnakolala njiani ni makanisani na shuleni, na barua hiyo hufungua milango. Badilisha fedha benki au katika duka lililoruhusiwa, wala si kwa mtu asimamaye barabarani. Kisha uzigawanye, nyingine mfukoni na nyingine mahali pa siri.

Barabarani tembeeni upande wa kulia, mpate kuyaona magari yanayowajia. Ondokeni saa kumi alfajiri, pumzikeni jua linapokuwa kali. Wa mbele na wa nyuma wavae vizibao ving'aavyo, maana malori ya njia ile ni mengi na hayana huruma. Mwenye kuchoka asione haya kusema. Kundi huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu, wala si wa aliye hodari.

NJIANI

Tuliondoka tarehe 22 Mei tukafika tarehe 1 Juni. Tulipita Malaba, Tororo, Bugiri na Iganga, kisha mashamba makubwa ya miwa ya Kakira, tukavuka Mto Nili penye Jinja. Hapo wengi walisimama kimya wakiyatazama maji yaanzayo safari ndefu hata Misri, nasi tukaona yetu ni fupi. Baada ya Jinja twapata kivuli cha msitu wa Mabira, kisha Lugazi na Mukono. Watu wa nchi ile huwaita mahujaji abalamazi, na neno hilo ni kama pasi ya pili. Mara nyingi wanawake walitoka nyumbani mwao na mitungi ya maji, wakatunywesha pasipo kutuuliza kabila wala dini.

Namugongo kanisa kubwa limejengwa kwa mfano wa nyumba ya msonge ya Kiganda, lina nguzo 22 kwa hesabu ya mashahidi Wakatoliki, na altare yake ipo mahali alipochomwa Charles Lwanga. Mapapa watatu wamefika hapo: Paulo wa Sita mwaka 1969, Yohane Paulo wa Pili mwaka 1993, na Fransisko mwaka 2015. Lakini sitaeleza mengi. Mtu akifika kwa miguu yake mwenyewe huona kwa macho mengine, na hayo hayaandikiki.

KUMBUKUMBU

Wachuuzi wa Namugongo huuza rozari, medali, picha za Mashahidi, vitambaa vya magome ya mti uitwao mutuba, na vimitungi vya plastiki vya kuchotea maji. Nunua kidogo, tena ununue ukiwa umeorodhesha majina ya watu nyumbani. La sivyo utamaliza nauli ya kurudia. Maji huchotwa penye ziwa dogo lililo karibu na kanisa, na watu huyabeba mpaka kwao. Atakayeyanywa ayachemshe kwanza. Imani haimkatazi mtu kuchemsha maji.

Nami nilitumwa maji hayo na mama yangu. Mama alikuwa ameweka nadhiri ya kutembea mpaka Namugongo tangu nilipokuwa mtoto wa shule. Mwaka hata mwaka nadhiri iliahirishwa, kwa maana fedha na nguvu zake zilikwenda katika karo ya shule ya misheni, na karo hiyo ilikuwa yangu. Nilipopata kazi na fedha zikapatikana, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Siku ya kuondoka alinipa kimtungi, kisha akaniambia nikate fimbo ya mpera ulio nyuma ya jiko. Niliona haya, nikisema fimbo ni ya wazee. Akasema, "Kata, mwanangu." Nikakata ili kumtii. Baada ya Tororo fimbo ile ilikuwa mguu wangu wa tatu.

Tulirudi kwa basi. Kifuniko cha kimtungi hakikukaza, na nilipofika nyumbani nusu ya maji ilikuwa imemwagika katika shanta. Niliingia kwa Mama nimeinama kwa aibu, nikaanza kujitetea. Hakunijibu. Aliyagawa maji yaliyobaki kwa majirani watatu waliokuwa wagonjwa, hata tone lisibaki kwake. Kisha akaomba fimbo. Akaigeuza, akaitazama ncha iliyolika kwa lami kiasi cha vidole vitatu, akaishika kwa muda mrefu.

"Hii ndiyo iliyokwenda badala yangu," akasema.

Sasa huitegemea kila Jumapili aendapo kanisani, na mtu akimwuliza kama amewahi kufika Namugongo, huinyosha mbele amwonyeshe ile ncha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapofunga mzigo wako, mwulize kwanza yule asiyeweza kwenda, akupe kitu kidogo cha kutembea nacho. Vinavyouzwa penye lango la Namugongo ni vizuri, lakini kumbukumbu iliyo bora hutoka nyumbani nawe, ikachakaa pamoja nawe njiani, ikarudi kwa mwenyewe.