Nimelipa chapati nane kwa ajili ya Herb Carnegie

Makomredi, nimepotea wiki tatu, najua. CAT zilinikaba shingo, halafu waifai ya hosteli nayo ikaamua kufa. Leo nimerudi na habari ya Ijumaa usiku. Wale mliouliza kwa nini Jumamosi nilikuwa nahesabu sarafu kwenye foleni ya mesi, jibu mtalipata humu.

Mnajua kwetu kuna ugonjwa wa magongo ya barafuni. Ndiyo, barafu, Nairobi hii hii. Aliyetuambukiza ni Kapteni (majina ya watu siandiki, watanilima), aliyejifunza kuteleza katika kile kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari pale Mombasa Road, kilichofunguliwa 2005. Halafu kuna ile video ya 2018 ambayo Kapteni hachoki kutuonyesha. Vijana wa Kenya Ice Lions, ambao hapa nyumbani hawakuwa na timu ya kucheza nayo, wanapelekwa Kanada, na mle chumba cha kubadilishia nguo wanakutana na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon waliokuja kucheza upande wao. Sura zao uzione mwenyewe. Baada ya hapo tukawa watu wa kukesha. Mechi za NHL, ile ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, nyingi zinaanza saa tisa usiku saa zetu, kwa hiyo ukiona mtu wa elimu anasinzia kwenye saikolojia ya saa mbili asubuhi, usimhukumu haraka.

Basi Ijumaa tukaamua kumaliza ubishi wa mwaka mzima: nani anaweza kuunda timu bora ya nyakati zote? Tulikuwa wanne: Kapteni, Mhasibu (yuko Biashara, anaishi ndani ya Ekseli), Daktari (mwaka wa tatu udaktari, bado hajatibu hata kuku) na mimi. Kila mtu wachezaji saba: kipa, mabeki wawili, washambuliaji watatu na mmoja wa akiba. Tunachagua kwa zamu kama tulivyokuwa tukigawana timu shule ya msingi, isipokuwa anayemaliza raundi ndiye anayeanza inayofuata, ili wa mwisho asilie. Mchezaji akishachukuliwa, ameenda. Mwishoni kila mchezaji anapewa alama kati ya 10 na wale watatu wasiomiliki timu hiyo, Mhasibu anapiga wastani, na mwenye wastani wa chini ananunulia wote chapati mbili mbili na madondo. Na sheria moja zaidi, ambayo mimi mwenyewe niliinulia mkono: alama zinatolewa kwa yale mtu aliyoyafanya NHL au kwenye mechi kubwa za kimataifa, siyo kwa hadithi.

Ishikeni hiyo sheria.

Mhasibu aliokota karatasi namba moja, na hakuna aliyeshangaa alipotaja Wayne Gretzky. Mabao 894, pasi za mabao 1,963. Ufute mabao yake yote, ubakize pasi tu, na bado hakuna mwanadamu mwingine aliyemfikia kwa pointi. Kapteni akamchukua Bobby Orr, Mhasibu akacheka: "Mechi 657 tu, bana!" Kweli, magoti yalimwisha mapema. Lakini Orr alikuwa beki, na beki huyo aliongoza ligi nzima kwa pointi mara mbili, 1970 na 1975. Hakuna beki mwingine aliyewahi. Mimi nikamchukua Mario Lemieux bila kufikiri. Mtu anayemaliza mionzi ya saratani asubuhi ya tarehe 2 Machi 1993, anapanda ndege kwenda Philadelphia, usiku anafunga bao, halafu anamaliza msimu akiwa kinara wa pointi kwa 160 katika mechi 60, huyo unamwachaje? Daktari, wa nne, akabeba wawili kwa mpigo: Gordie Howe, aliyecheza mechi zote 80 za msimu wa 1979-80 akiwa babu kabisa wa zaidi ya miaka 50, na Jean Béliveau, mwenye makombe 10 ya Stanley.

Hapo ubishi mtamu ukaanza. Mimi nikachagua kipa mapema, Dominik Hasek, nao wakasema nimepoteza zamu. Nikawapa somo. (Ndiyo, nina kozi ya upimaji na tathmini, na kwa mara ya kwanza imenisaidia maishani.) Mwalimu wetu hurudia kila wiki kwamba alama 60 katika darasa lenye wastani wa 30 si sawa na 60 ya darasa lenye wastani wa 70. Sasa angalia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Gretzky alipofunga 92 kwa msimu mmoja, mechi moja ya NHL ilikuwa na mabao karibu 8 ukijumlisha timu zote mbili. Kufikia 2004 yalikuwa zaidi kidogo ya 5. Karatasi ya mtihani ilibadilika! Ndiyo maana huwezi kusoma takwimu tu kama unasoma bei ya nyanya. Makipa wa kila zama lazima uwalinganishe na wenzao waliofanya mtihani ule ule, na Hasek aliwaacha wenzake mbali mpaka akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 1997 na 1998. Makipa hawapewi hiyo tuzo hivi hivi. Halafu Nagano 1998, nusu fainali ya Olimpiki, Wakanada watano walimwendea mmoja mmoja kwenye penalti na wote watano wakarudi mikono mitupu, huku Gretzky ameketi kwenye benchi, kocha hakumchagua apige.

Mhasibu hakukubali. Yeye alienda na namba mpaka mwisho: Ovechkin, aliyevunja rekodi ya Gretzky kwa bao la 895 tarehe 6 Aprili 2025, Ray Bourque, beki mwenye pointi nyingi kuliko wote, na Martin Brodeur golini, ushindi 691. Kapteni akachagua kwa moyo, Crosby raundi ya pili. Tulimzomea lakini tulimwelewa. Daktari akatushtua golini, akamtaja Vladislav Tretiak wa Muungano wa Kisovieti, ambaye hakucheza NHL hata dakika moja. Tukaangalia sheria, mechi za kimataifa zimo, na Tretiak aliwasimamia Wakanada mwaka 1972 katika mechi nane ambazo mpaka leo zinazungumzwa. Akapita.

Mimi nikawaongeza Nicklas Lidstrom, Doug Harvey na Maurice Richard, yule wa mabao 50 katika mechi 50. Halafu Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, na ambaye ndiye aliyempa Crosby pasi ya lile bao la dhahabu la Vancouver 2010. Raundi ya saba ikafika, nabaki na nafasi ya akiba. Majina makubwa bado yalikuwepo. Mark Messier alikuwa bado hajachukuliwa, jamani! Nikasema, "Herb Carnegie."

Kimya. Mhasibu akauliza, "Nani?"

Carnegie alizaliwa Toronto 1919, wazazi wake walitoka Jamaika. Mwenyewe alisimulia kwamba akiwa kijana, kocha wake alimwonyesha tajiri wa timu ya Toronto aliyeketi juu kwenye viti, akamwambia mzee yule angemsajili hata kesho kama angetokea mtu wa kumgeuza awe mweupe. Akaenda kucheza kwenye ligi za Quebec. Kuna wakati yeye, kaka yake Ossie na Manny McIntyre walikuwa mstari mmoja wa ushambuliaji, weusi watatu, na watu walijaa viwanjani kuwatazama. Akiwa amepita miaka 30 alicheza timu moja na kijana aliyekuwa anachipukia, Jean Béliveau. Huyo huyo Béliveau wa Daktari! Na Béliveau alimsifu hadharani maisha yake yote. Mchezaji wa kwanza mweusi kukanyaga NHL, Willie O'Ree, aliingia tarehe 18 Januari 1958. Kufikia hapo Carnegie alikuwa ameshatundika viatu.

"Lakini 1948 alipewa nafasi, akakataa," Mhasibu akasema, simu mkononi. Huyu mtu anasoma haraka kuliko ninavyoongea. Ni kweli, New York Rangers walimwita kambini, wakampa mikataba ya timu zao ndogo, kwa pesa pungufu ya aliyokuwa akilipwa Quebec. Alikuwa na miaka 28 na familia. Wewe ungeenda?

"Ningeenda," akasema Mhasibu. Sijui kama angeenda.

Daktari akaleta hoja ambayo ilinikwama kooni, na nitakuwa mkweli, bado sijaijibu vizuri. Alisema Tretiak tunaye kwenye filamu dhidi ya walio bora. Tunajua. Carnegie tunakisia. Hata wale wa Hall of Fame ya hoki, walipomwingiza 2022, miaka kumi baada ya kufa, walimweka kwenye kundi la wajenzi wa mchezo, kwa sababu ya shule yake ya hoki aliyoianzisha 1955 na kazi yake kwa vijana. Hawakumweka upande wa wachezaji. "Nao hawakuweza kumpa alama," Daktari akasema, "sisi ni nani?"

Mhasibu akawa ameshafika kwenye seli ya Carnegie. Ekseli inataka namba. NHL mechi 0, mabao 0. Akaandika 0.

Nikapandwa na kitu. Nikamwambia atoe hiyo sifuri aweke X. Akacheka, akaniambia nataka kukwepa chapati, kisha akajaribu ili tuone. Wachezaji wangu sita walikuwa na 54 jumla. Ukiweka X, unagawa kwa sita, wastani 9.0, mimi wa kwanza. Ukiweka 0, unagawa kwa saba, 7.7. Kapteni alikuwa na 8.9, Mhasibu 8.7, Daktari 8.6. Kutoka wa kwanza hadi wa mwisho kwa seli moja.

Nilibishana kuliko inavyostahili chapati. Sauti ilipanda, jirani akagonga ukuta. Kapteni akaniuliza taratibu, "Wewe leo una nini?"

Sikuwaambia, naandika hapa. Mwaka jana kwenye TP nilifundisha Historia Kidato cha Tatu katika shule ambayo siitaji. Kulikuwa na kijana mmoja, mkono wake haushuki darasani, anauliza maswali mpaka kengele inalia. Wiki ya mtihani alirudishwa nyumbani kwa karo. Nilipojaza orodha ya alama, saa nne usiku, nimechoka, karatasi ya Ekseli ikagoma kupiga wastani kwa sababu seli yake ilikuwa tupu. Nikaandika 0 ili iende. Ikaenda. Orodha ikabandikwa, naye akawa wa mwisho katika watu 47. Aliporudi alinifuata hadi mlango wa chumba cha walimu. Hakulia wala kupandisha sauti. Aliniuliza, "Mwalimu, sikufanya mtihani. Nilikosea swali gani?"

Nikamwambia tutarekebisha. Siku sita baadaye TP ikaisha, nikapanda matatu.

Tulipiga kura kuhusu Carnegie. Kapteni akawa nami. Mhasibu na Daktari wakasema sheria ni sheria, na mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza kuipitisha, kitu ambacho sikuweza kukikana. Kura yangu haikuhesabiwa kwa sababu nilikuwa na maslahi. Mbili kwa moja. Chapati nane, madondo sahani nne, na Daktari akaongeza chai bila aibu.

Ila Mhasibu, kabla ya kufunga kompyuta, alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameshanishinda, angeweza kuacha tu. Akaniambia nakala ya kuchapisha na kubandika mlangoni ataandika X kwenye hiyo seli, lakini wastani utabaki 7.7. Hesabu haifungi, mtu yeyote akipiga ataona. Imebandikwa mlangoni kwake mpaka sasa hivi, mkipita muitazame, na msiandike upuuzi juu yake kama mlivyofanya na ratiba ya mtihani.

Jumapili nilitafuta namba ya mwalimu mkuu wa idara ya Historia wa ile shule, nikampigia. Nilijieleza vibaya, nikaanza na Herb Carnegie nadhani, maana alikaa kimya muda mrefu. Mwishowe akasema kijana bado yupo, sasa ni Kidato cha Nne, na kwamba alama za mwaka jana zimeshafungwa lakini niandike barua na kuitia sahihi, ataipeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu. Barua nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Naenda kuichapisha ile ya tatu kabla foleni ya saa sita haijajaa, na kama kuna mtu mwenye shilingi hamsini za kunikopesha, mnajua pesa zangu zilikoenda.