Barabara Zote Huenda Kiwandani

Mvua ya Kericho ina saa yake. Mwenyeji wangu aliniambia hivyo usiku niliofika, ramani imekunjuliwa mezani na chai ya maziwa inafuka pembeni, nami neno lake sikulishika. Nilikuwa nimetoka Mombasa na kazi moja tu: kutafuta njia ya kilomita 200 ambayo waendesha baiskeli wapatao thelathini wangeimaliza kwa siku moja, wakipita katikati ya chai ya Kericho na Bomet. Chama chetu kilikuwa hakijapanga safari ndefu kiasi hicho nje ya pwani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kukanyaga Kericho.

Safari za aina hii si mashindano. Kanuni zake zilitoka Ufaransa, kwenye chama cha Audax kilichoanza Paris mwaka wa 1904. Kilomita 200 hupewa saa 13 na nusu, na ndani ya hizo mtu ale, apumzike, azibe pancha na kugongewa muhuri katika vituo vya njiani. Wa kwanza na wa mwisho huandikwa katika orodha moja. Naipenda kanuni hii kwa moyo wote, maana inampa nafasi mwenye baiskeli ya kazi, ile nzito ya chuma, sawa na mwenye baiskeli ya bei ya gari. Lakini ilitungwa kwa watu ambao jua lao la Juni hukaa angani zaidi ya saa 15. Sisi tulio karibu na ikweta mchana wetu ni saa 12, Januari hata Julai. Saa 13 na nusu kwetu maana yake ni kuondoka gizani au kurudi gizani.

Mwenyeji wangu aliendesha lori la majani ya chai mpaka alipostaafu. Nilikuwa nimechora mstari wa penseli kutoka Kericho kuteremka kusini hadi Bomet, mstari mzuri ulionyooka. Akauangalia kwa muda.

"Kijana wangu, hii penseli yako inakata mito yote."

"Mito gani, Mzee?"

Akaifuata kwa kidole mmoja mmoja: Chemosit, Kiptiget, Itare, Kipsonoi. Yote inatoka msitu wa Mau upande wa mashariki na kushuka magharibi, ikaungane kuwa Sondu na kuishia Ziwa Victoria. Anayesafiri kutoka kaskazini kwenda kusini hana budi kuivuka yote, na kila mto umejichimbia bonde lake. Ukifuata mgongo wa kilima kati ya mito miwili, baiskeli inakwenda yenyewe. Ukitaka kwenda Bomet, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. "Huwezi kuikwepa," akasema. "Unachoweza kuchagua ni utaivuka wapi, na saa ngapi."

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mtu wa pwani hajui baridi ya mahali palipo takriban mita 2,000 juu ya bahari mpaka vidole vimkatae kwenye breki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na chai yenyewe ilikuwa sawasawa kama mkeka uliotandikwa juu ya vilima, imekatwa kimo kimoja, mipaka yake ikilindwa na mikaratusi mirefu ambayo kuni zake huchemsha maji ya viwandani. Nilisimama mara mbili bila sababu ya safari. Nilitaka kutazama tu.

Kwenye ramani, njia fupi na nzuri kuliko zote ilipita ndani ya shamba kubwa mojawapo. Nilifika getini, askari akanisalimia vizuri, kisha akanieleza kuwa njia za ndani si za umma. Mwenye baiskeli moja au baiskeli thelathini aje na barua. Alikuwa anafanya kazi yake. Hata hivyo nilisimama pale kitambo nikifikiri. Mashamba haya ya kampuni yalianza kupandwa miaka ya 1920, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walinyang'anywa chini ya ukoloni, na madai ya ardhi hiyo yako hai mpaka leo katika mazungumzo ya kila nyumba. Nikaona si haki safari yetu ipite mahali ambapo mjukuu wa wenye ardhi anahitaji barua. Nikaufuta mstari ule, nikarudi kwenye lami ya kuelekea Litein. Kurudi huko kulinila saa mbili nzima, na baadaye nilizijutia.

Barabara ya Litein ni lami nzuri na haina mapambo. Mpando, mteremko, daraja, mpando. Bega lake ni jembamba, matatu hupita karibu, na malori ya majani hayana subira kwenye mlima. Niliandika: *wapite hapa mapema, au warudi hapa jioni, ila wasiwe kundi.*

Baada ya Litein, nilipoiacha lami kuingia Konoin, nchi ilibadilika sura. Chai ilikuwa ileile, lakini sasa ilikuwa ya watu. Vipande vidogo, robo ekari, nusu ekari, katikati yake nyumba, ng'ombe wawili, mahindi, mgomba. Hii ndiyo chai ya wakulima wadogo, ile iliyoendelezwa chini ya shirika la chai la KTDA tangu 1964, na ndiyo iliyochora barabara za huku. Jani likishachumwa huanza kupata joto ndani ya gunia na kuharibika, kwa hiyo lazima lifike kiwandani siku hiyohiyo. Lori likikwama usiku mmoja, kazi ya kijiji kizima imeoza. Ndiyo maana barabara ya murram, ile ya udongo usio na lami, inafika hadi pembe ambazo usingetarajia gari.

Ila nilijifunza jambo ambalo hakuna ramani iliyonionyesha. Barabara hizi zote huenda kiwandani. Zinatoka vijijini kama spoki za gurudumu na kukutana kwenye bomba la moshi: hizi za Mogogosiek, zile za Kapset, zile za Litein. Kutoka kijiji hadi kiwanda chake njia ni pana. Kutoka kijiji cha kiwanda kimoja hadi kijiji cha kiwanda cha pili, ng'ambo tu ya bonde, hakuna lori lenye haja ya kwenda, basi barabara hupungua, ikawa njia ya pikipiki, ikawa njia ya ng'ombe, ikafika mtoni kwenye magogo mawili. Mara tatu nilibeba baiskeli begani. Mara ya nne niliuliza kwanza, nikaelekezwa daraja la kweli, kilomita chache juu. Mtu anayepanga njia akiwa mezani atapeleka watu thelathini kwenye yale magogo.

Saa nane na robo, mbingu ya upande wa magharibi ikawa nyeusi. Upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda vilima hivi kila alasiri na kugongana na upepo wa mashariki, na mvua yake huja na mawe. Nilisikia mlio wake juu ya majani kabla haijanifikia. Murram iligeuka sabuni, kisha gundi. Tope likajaza breki mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikaikokota baiskeli hadi kwenye kibanda kilichokuwa mbele yangu.

Kilikuwa kituo cha majani, pale wakulima wanapopimiwa: paa la mabati, nguzo, meza ndefu, mzani unaoning'inia. Akina mama wanane au tisa walikuwa wamekaa juu ya magunia yao.

"Chamgei," nikasema, neno pekee la Kikipsigis nililokuwa nalo.

"Chamgei mising. Ingia, ingia, usilowe."

Mmoja alinimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, chachu na harufu ya mkaa, nikamaliza kikombe bila kupumua. Mawe yalipiga bati hata hatukusikizana. Yule mama alikuwa akitazama shamba lake ng'ambo ya barabara, machipukizi yakikatika, hakusema kitu. Mvua ya dakika ishirini inaweza kumaliza mchumo wa wiki.

Pale juu ya gunia ndipo njia ilipopatikana. Konoin wapite asubuhi, murram ikiwa kavu. Waondoke Kericho saa kumi na moja alfajiri wakiwa na taa, Litein wawe wamefika kabla ya malori kuwa mengi, Mogogosiek kabla ya saa nne, na Bomet mchana, ambapo watakula na kutazama maporomoko ya Tenwek kwenye mto Nyangores, yanayoipa hospitali ya pale umeme. Nyangores haiendi Sondu kama mito mingine. Hiyo ndiyo Mara ikiwa bado changa. Kisha mvua iwakute kwenye lami, wakirudi kupitia Kaplong na Kapkatet. Na mihuri yao igongwe kwenye vituo vya majani, maana vimepangwa kwa umbali ambao mtu anaweza kubeba gunia mgongoni, na kila kimoja kina paa.

Njia hiyo haifiki kilomita 200. Ningeweza kuijazia kwa kuwapeleka hadi Mulot na kuwarudisha, lami tupu, na nikaipima hivyo kwenye karatasi. Nimeiacha. Nimewaandikia wenzangu kwamba tuendeshe njia fupi, tusiifukuzie namba ile, na nitaitetea barua hiyo kwenye mkutano.

Jioni, nikiwa Bomet, nilimpigia Mzee simu. Akauliza mvua ilinikuta wapi. Nilipomtajia kituo akanyamaza kidogo, kisha akasema hapo ndipo alipokuwa akiingojea ipite, miaka yote ile, injini imezimwa.

"Ule mtarakwa nyuma ya kibanda," akauliza, "bado umesimama?"

Nikamwambia upo. Ndio niliouegemezea baiskeli.