Umeme ukikatika Magharibi



Huku kwetu kijijini, upande wa Rumonge nchini Burundi, umeme hukatika zaidi jioni, wakati kila nyumba imewasha taa. Sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mabwawa ya maji, kama lile la Rwegura lililoanza kazi mwaka 1986. Kiangazi maji yakipungua, giza nalo huzidi.

Mwaka huu binti yetu ana mtihani wa taifa, kwa hiyo tumepanga siku upya. Hesabu na kuandika humalizwa baada ya Alasiri, jua likiwapo. Taa ndogo ya sola hushinda juani, na usiku ni ya wenye mtihani, pamoja na watoto wa jirani. Sisi wengine hatuhitaji mwanga: tunakaa mkekani, wadogo wanasoma kwa moyo sura walizohifadhi madrasani, na mama anawasahihisha.

Mshumaa ni wa dharura tu, mbali na chandarua. Mtume (s.a.w.), alipoelezwa habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wakiwamo, alisema moto ni adui yetu, tuuzime tunapolala. Jiko la makaa nalo halilali ndani, maana hewa yake huua bila kunuka.

Tunamuomba Allah awafaulishe watoto wetu wote, wenye taa na wasio nayo. Amin.