Bendera ya Manjano

Soma insha ifuatayo kisha ujibu maswali.

Msomaji wangu, huenda umewahi kwenda shuleni kwa bodaboda, mmebanana watatu nyuma ya mwendeshaji, mkoba ukining'inia ubavuni. Kama umewahi, basi unajua kwamba pikipiki haikatai haraka. Inayokataa ni barabara. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, lakini nililielewa nikiwa mtu mzima, mbali na nyumbani, wikendi moja katika uwanja wa Brands Hatch, jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa London.

Usidhani mimi ni bingwa. Siku za kazi nilikuwa dereva wa gari la mizigo. Mbio zilikuwa mapenzi yangu ya Jumamosi na Jumapili, na nilizigharamia kwa mshahara wangu mwenyewe. Mbio za klabu ndivyo zilivyo. Hakuna anayekulipa. Ukishinda, unapewa kikombe cha kuweka juu ya kabati.

Ijumaa usiku nililala ndani ya gari kando ya pikipiki yangu, Suzuki SV650 kuukuu, nikinusa petroli hadi alfajiri. Kulipokucha tukapanga foleni ya ukaguzi. Mkaguzi aliangalia breki, mnyororo na matairi. Alihakikisha kuwa taa zimeondolewa ili vioo visivunjikie njiani, na kuwa skrubu ya kumwagia oili imefungwa kwa waya isije ikalegea, kwa maana oili kidogo tu kwenye kona yaweza kuwaangusha watu kumi. Shingoni nilitakiwa kuvaa kibati chenye jina langu. Nikauliza ni cha nini.

"Ni cha siku ambayo utaulizwa jina na hutaweza kujibu," mkaguzi akasema, akamwita aliyefuata.

Wanagenzi tulipewa vizibao vya rangi ya machungwa, kisha tukafundishwa bendera. Nyekundu: mbio zimesimamishwa. Buluu: nyuma yako yupo mwenye kasi zaidi. Ya miraba myeusi na myeupe: mbio zimekwisha. Ya manjano ikipungwa: kuna hatari mbele, punguza mwendo, na usimpite mtu yeyote. Nilizikariri kama wewe unavyokariri ngeli usiku wa kuamkia mtihani.

Njia fupi ya uwanja huo ina urefu wa takriban kilomita 1.9. Kona ya kwanza, Paddock Hill, inaporomoka ghafla hadi unahisi tumbo limebaki juu. Kisha unapanda kilima hadi Druids, kona iliyojikunja kama kulabu. Mbele yake iko kona ya Surtees, yenye jina la John Surtees, mtu pekee aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa magari ya Formula One. Kupita mahali penye jina kama hilo kulinivimbisha kichwa.

Katika mazoezi ya Jumamosi niliingia Druids matairi yakiwa bado baridi. Gurudumu la mbele liliteleza, nikajikuta nabingirika kwenye changarawe. Kabla sijajua mbingu iko wapi, mzee mmoja aliyevaa ovaroli ya rangi ya machungwa alikuwa ameniinamia.

"Jina lako nani?"

Nikalitaja.

"Vizuri. Basi kibati hakina kazi leo." Akanishika kwapani, akaninyanyua.

Watu kama mzee yule husimama kila kona, mvua inyeshe jua liwake, na hawalipwi. Ni wa kujitolea. Pasipo wao hakuna mbio.

Mkono wangu wa breki ulikuwa umevunjika na sikuwa na wa akiba. Kijana aliyeegesha gari lake jirani nami, mwanagenzi mwenzangu, alinipa wake bila kudai chochote, tena akanisaidia kuufunga. Kumbuka hilo, maana ndipo aibu yangu inapoanzia.

Jumapili jioni ilibaki mbio moja tu, mizunguko minane. Wanagenzi tulikuwa tukishindania kikombe cha wanagenzi. Hadi mzunguko wa saba, kijana yule alikuwa wa kwanza kati yetu na mimi wa pili, gurudumu langu likikaribia kugusa lake. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Druids, nikaiona bendera ya manjano ikipungwa.

Niliiona. Sitakudanganya. Naye aliiona, akapunguza mwendo kama tulivyofundishwa. Mbele yangu pakafunguka nafasi pana kama lango. Moyo uliniambia, "Sasa!" Nikampita.

Nilipoingia kwenye kona, nikamwona mzee kando ya njia. Alikuwa amepiga magoti, akimwinua mwendeshaji aliyeanguka, mgongo wake ukielekea kwetu. Nilibana breki, gurudumu la mbele likaanza kuteleza vilevile kama Jumamosi. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, pikipiki haikuwa yangu tena. Kisha matairi yakashika. Nikapita karibu naye kiasi cha kuona tope kwenye soli za viatu vyake. Hakugeuka. Hakujua.

Nilimaliza wa kwanza miongoni mwa wanagenzi. Nilisubiri kuitwa ofisini, sikuitwa. Katika vurugu ya ajali ile hakuna aliyeniona, na kijana yule hakulalamika. Nikapewa kikombe, watu wakapiga makofi, nikatabasamu kwa meno.

Nilimkuta mzee akinywa chai. Nikamuuliza, kana kwamba ni swali tu la mwanagenzi, iwapo haogopi kutupa mgongo.

"Anayemwinua aliyeanguka hawezi kutazama nyuma, kijana," alijibu. "Bendera ni kitambaa tu. Haiwezi kusimamisha pikipiki. Mnaotulinda ni nyinyi."

Chai yangu ikanishinda kunywa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa hatua mia moja hivi, kutoka pale hadi ofisi ya waamuzi. Nikaweka kikombe mezani, nikaeleza yote. Matokeo yangu yakafutwa, na kikombe akapewa mwenyewe. Nilimwendea mzee pia, nikamwambia. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza jina langu kwa mara ya pili. Nikalitaja.

"Nitalikumbuka," alisema. Hata leo sijui kama ilikuwa sifa au onyo.

Magharibi nikaanza kuufungua mkono wa breki ili nimrudishie jirani yangu. Akanizuia.

"Kaa nao. Utauhitaji pale Druids."

Nimekusimulia haya kwa sababu nawe utafika mahali ambapo mtu atakupa mgongo. Huenda ni msimamizi katika chumba cha mtihani, au rafiki aliyekuachia mkoba wake. Utaona nafasi imefunguka mbele yako, pana kama lango. Kabla hujaongeza kasi, tazama ni nani aliyepiga magoti kwenye kona.

Maswali
1. Eleza mambo matatu yaliyokaguliwa kabla ya mbio na sababu ya mawili kati yake. (alama 5)
2. Bendera ya manjano iliwataka waendeshaji wafanye nini? (alama 2)
3. Kwa nini mwandishi anasema aibu yake inaanzia kwenye mkono wa breki? (alama 3)
4. Fafanua kauli: "Bendera ni kitambaa tu." (alama 3)
5. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika insha: (alama 2)
   (a) mwanagenzi
   (b) kulabu