Wazee wa Alhamisi

Mimi ni bwana shamba. Nina miaka 44. Nilisomea cheti cha kilimo pale Ukiriguru, karibu na Mwanza. Sasa ninafanya kazi katika kata moja ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu, upande wa barabara iendayo Lamadi. Mara nyingi mazungumzo yangu ni ya pamba, mtama na choroko. Leo nitazungumza juu ya wazee.

Katika kijiji kimoja cha kata hiyo kuna kikundi cha wazee wa kanisa. Hukutana kila Alhamisi, saa tisa alasiri, chini ya mkwaju ulio nyuma ya kanisa. Wako 23, na wanawake ni 16. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kuwa mzee ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Nao wanafuata hivyo hivyo. Mtu mmoja wa miaka 58 aliomba kuingia. Wakamwambia akalime kwanza.

Wawili kati yao si waumini wa kanisa hilo. Mmoja ni Mwislamu mwenye duka dogo. Mwingine hasali popote. Huyu husema kwamba yeye anafuata uji.

Katibu wao ni mama mwenye zaidi ya miaka 70. Alijifunza kusoma mwaka 1974, katika darasa la kisomo, wakati taifa zima lilipokuwa likipiga vita ujinga. Vitabu vya kisomo huku kwetu vilikuwa na habari za kilimo cha pamba. Mpaka leo neno "pamba" huliandika vizuri kuliko maneno mengine yote.

Mkutano huanza kwa sala na wimbo mmoja. Kisha katibu hufungua daftari, huvaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, na huita majina. Kila mtu hujibu, "Nipo." Asiyejibu huandikwa, "Hayupo." Baada ya hapo ndipo uji wa mtama huletwa, na michembe, na karanga. Wanaume wengine husokota kamba za ng'ombe. Wanawake hubangua karanga, na mwenye vidole vilivyokakamaa hubanguliwa na jirani yake. Wanaongea. Wanacheka sana, tena kwa sauti, hata watoto wa shule hupita wakichungulia.

Kila mmoja hutoa shilingi 500 kwa mwezi. Fedha hizo hununua sabuni, chumvi na sukari za kumpelekea mgonjwa. Hakuna zaidi.

Mwaka 2022 nilipowafahamu, niliona kwamba wanapoteza saa nyingi bure. Nilikuwa nimezoea vikundi vya uzalishaji. Nikawaambia, "Wazee wangu, kukaa na kunywa uji hakuleti maendeleo. Fugeni kuku." Walinisikiliza kwa adabu. Wakajenga banda, wakanunua kuku 30 wa kienyeji kwa fedha za sabuni.

Niliwafundisha juu ya chanjo ya mdondo. Ni tone moja katika jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu. Niliahidi kuileta mimi mwenyewe siku ya Jumatatu. Jumatatu hiyo nikaitwa kwenye semina Bariadi mjini, nami nikaenda, bila kumwachia mtu dawa. Nilirudi baada ya siku tisa. Mdondo ulikuwa umekwisha kupita. Kuku 26 walikuwa wamekufa.

Nilifika Alhamisi na maneno mengi ya kujitetea. Sikupata nafasi ya kuyasema. Katibu aliita majina, uji ukaletwa, nami nikapewa kikombe. Mzee mmoja alisema, "Banda ni zuri. Tutaweka kuni." Wote wakacheka. Kikundi cha vijana kingalivunjika siku ile ile. Nimeona vikundi vingi vya namna hiyo: mradi ukifa, hata salamu hufa. Hawa hawakukutana kwa ajili ya kuku, na mimi sikulielewa jambo hilo mpaka mwaka uliofuata.

Mwezi Aprili mwaka 2023, wakati wa mvua, mtoto mmoja wa kijijini alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu. Alifikishwa zahanati siku ya nne, hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya. Jirani wa nyumba ile alikuwa mama mmoja mjane, mwanachama wa kikundi, anayeishi na mjukuu mmoja tu. Mama huyo ana macho mekundu.

Wasomaji wa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita hawahitaji kuelezwa sana. Katika sehemu zetu bibi vizee wameuawa usiku kwa mapanga, kwa sababu ya macho mekundu na maneno ya mpiga ramli. Lakini tazama jiko la bibi kizee. Ni kijumba kidogo cha udongo kisicho na dirisha. Kuni hakuna, miti ilikwisha zamani. Kwa hiyo anapikia miti ya pamba na mavi ya ng'ombe makavu. (Miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa shambani baada ya kuvuna, maana huhifadhi wadudu. Nasema hivyo kila mwaka, na kila mwaka naikuta imerundikwa nyuma ya nyumba.) Ameinama juu ya moshi huo tangu akiwa msichana. Macho yatakosaje kuwa mekundu?

Mwezi Juni pamba ilikuwa inanunuliwa. Nilikuwa kwenye ghala la chama cha msingi, nikisubiri kuongea na wakulima. Vijana watatu walikuwa wamekaa juu ya marobota wakizungumza. Mmoja alisema kwamba kuna watu wamekwenda kwa mganga wa mbali, na mganga amesema mtoto "aliliwa" na mtu wa karibu mwenye macho mekundu. Mwingine akasema, "Basi anajulikana." Wakanyamaza waliponiona.

Nilijua wanamsema nani. Nikajiambia kwamba hayo ni maneno ya ghalani tu, na kwamba mimi ni mtu wa kilimo, si polisi. Nikawasha pikipiki nikaondoka.

Alhamisi ile sikwenda kwa wazee. Niliambiwa baadaye kwamba katibu aliita jina la mama yule na hakujibiwa. Aliandika, "Hayupo." Alhamisi iliyofuata nilikuwapo. Jina likaitwa. Kimya. Katibu akaliita mara ya pili. Kimya. Akavua miwani yake.

Wana desturi yao: mtu akikosa Alhamisi mbili bila kutoa taarifa, kikundi chote humwendea. Hawatumi mjumbe. Uji uliachwa kwenye sufuria. Wakainuka, wengine kwa fimbo, na mzee mmoja asiyeona vizuri akashikwa mkono na yule Mwislamu mwenye duka. Nami nikafuata, nikiukokota mguu mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa nilijua tunachokwenda kukikuta.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, ijapokuwa jua lilikuwa bado liko juu. Katibu alibisha akasema, "Mayu, ni sisi. Sisi wa Alhamisi." Mama alifungua baada ya muda mrefu. Alikuwa amekonda. Alisema kwamba kwa siku kumi hajachota maji kisimani, maana akifika wanawake wengine huondoka. Usiku wa kuamkia Jumapili mtu alirusha mawe juu ya bati. Mjukuu amempeleka kwa ndugu. "Nimebaki nikingoja," alisema.

Hakuna aliyelia. Katibu aligeuka akaniuliza, "Ng'wanone, wewe unapita kila mahali. Ulisikia jambo hili?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nilisikia, mayu."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Ghalani."

Alinitazama, kisha akasema, "Basi." Ndugu msomaji, nimekaripiwa na wakubwa wangu wa kazi mara nyingi. Hakuna karipio lililoniuma kama neno hilo moja.

Nilidhani kwamba sasa watakwenda polisi, au watamhamisha mama. Wao walifanya jambo ambalo mimi nisingalilifikiria. Kwanza walikwenda kwenye nyumba iliyofiwa. Waliingia wote, wakaketi chini. Hawakutaja uchawi wala mganga. Walimpa pole mama wa mtoto, kana kwamba msiba ulikuwa wa jana. Mmoja wa bibi hao alisema kwamba yeye amezika watoto wanne, akawataja mmoja mmoja kwa majina. Mama yule kijana alilia kwa sauti. Nadhani tangu siku ya maziko hakuna aliyekuwa amekaa naye muda mrefu namna ile. Tulitoka kiza kimeingia.

Pili, waliamua kwamba mkutano wa Alhamisi uhamie uani kwa mjane. Tena si Alhamisi tu. Ulikuwa wakati wa kuvuna viazi vitamu, na kila nyumba ilikuwa inatengeneza michembe. Wakasema michembe yote ya wazee itakatwa pale. Kila siku asubuhi bibi wanne au watano walifika na vikapu vyao, wakamenya, wakakata, wakaanika. Ua wote ukawa mweupe kwa viazi. Usiku wawili walilala humo ndani, kwa zamu. Wazee wanaume walilala nje karibu na moto, na fimbo zao, wakibishana juu ya ng'ombe waliokufa miaka mingi iliyopita. Kati yao walikuwamo wawili ambao hawakusalimiana kwa muda mrefu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Zamu iliwaweka usiku mmoja. Asubuhi walikuwa bado wanabishana, lakini sasa walikuwa wanaongea.

Nani atarusha mawe juu ya nyumba aliyolala bibi yake mwenyewe? Maana wazee hao ndio bibi na babu wa nusu ya kijiji.

Mimi nilipewa kazi ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa nina pikipiki, na kwa kuwa nilikuwa na deni. Mtendaji aliitisha mkutano wa hadhara. Alieleza kuwa kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa mbele ya sheria, na kuwa serikali ilipiga marufuku wapiga ramli tangu mwaka 2015. Muuguzi wa zahanati alizungumza juu ya homa, na kwa nini mtoto afikishwe siku ya kwanza. Nami nilisimama nikaeleza juu ya moshi. Sikuwa nimezoea. Niliwaomba wanaume waliokuwapo waingie kila mmoja katika jiko la mama yake, moto ukiwaka, wakae humo mpaka ugali uive. Watu walicheka kidogo. Mmoja wa wale vijana watatu wa ghalani hakucheka. Alikuwa anatazama chini.

Baadaye kijana huyo alikuja kunisaidia. Tulitoboa dirisha katika jiko la mjane, tukamjengea jiko banifu la udongo lenye matundu mawili na bomba la kutolea moshi nje ya ukuta. Ni kazi ya siku mbili, na udongo wa kichuguu unafaa sana. Kisha tulijenga mengine sita. Mama alipelekwa kupimwa macho. Alikutwa na vikope, ugonjwa unaotibika, na alipewa dawa. Macho yake hayakuwa meupe kabisa, na huenda hayatakuwa. Lakini hayatoki machozi tena.

Mwezi Agosti mjukuu alirudishwa. Mama wa yule mtoto aliyefariki hakuja kuomba radhi, wala wazee hawakumtaka aje. Alipita asubuhi moja na ndoo yake, akauliza, "Mayu, twende kisimani?" Wakaenda.

Alhamisi ya kwanza ya Septemba mkutano ulirudi chini ya mkwaju. Katibu alifungua daftari, akaanza kuita majina. Mjane alijibu, "Nipo," kwa sauti kubwa kupita kiasi, na watu wakacheka. Orodha ilipofika mwisho, katibu hakufunga daftari. Aliita jina langu.

Nilisema, "Mayu, mimi sijafikisha miaka."

Alisema, "Nimekuita jina. Sikukuuliza miaka."

Sasa niko namba 24. Kata yangu ni kubwa, na Alhamisi nyingine huwa niko kijiji cha mbali nikipima mashamba. Ikifika saa kumi simu yangu hulia. Ni yule Mwislamu mwenye duka, maana ndiye mwenye salio kila wakati. Huwa hasalimu. Husema, "Bwana shamba, umeandikwa hayupo. Hii ni ya kwanza."