Nyumba ya Kasubi iliungua, ikasimama tena

Safari hii tunawapeleka kilima cha Kasubi, mjini Kampala, hapa hapa Uganda iliyotupokea.

Tulivua viatu mlangoni, tukakaa chini kwenye mikeka. Mbele yetu kulikuwa na pazia kubwa la nguo ya magome ya mti wa mutuba. Nyuma yake wamelala wafalme wanne wa Buganda, kuanzia Mutesa wa Kwanza, aliyeijenga nyumba hii mwaka 1882. Huko wanakuita Msituni, na mgeni haingii.

Ukiinua macho unaona pete 52 zikishika paa la nyasi: kila ukoo wa Buganda na pete yake. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba hii. Wangeweza kuweka mabati, yakaisha. Lakini wazee wa Ngeye walikuwa bado na ujuzi, wakafundisha vijana, pole pole. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2023 UNESCO ikaitoa Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Na sisi je? Nyumba zetu tuliziacha, nyingine tuliziona zikiwaka. Nyasi huota tena, lakini mzee asipoulizwa anaondoka na ufundi wake.

Basi wazazi, jioni ya leo waelezeni watoto: kwetu nyumba ya ukoo ilijengwaje? Nani alikata miti, nani aliezeka? Nanyi watoto, msisubiri. Muulizeni babu, muulizeni bibi.